'Pesa za usafi' zinavyomeza amana za wapangaji

MPANGAJI anayehama huwa na haraka. Lori limekwisha kupakiwa, dereva anapiga honi, watoto wamekalia magodoro na safari bado ni ndefu. Ni wakati huo ambapo mwenye nyumba hutoa karatasi mfukoni na kutangaza kuwa amana haitarudi yote, kwa sababu kuna "pesa za usafi".

Wengi huchukua kilichobaki, husema "asante mzee", kisha huondoka wakinung'unika. Wanaopoteza zaidi ni sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, ambao bado tunahama mji hadi mji tukitafuta pa kutulia, pamoja na nyinyi wafanyabiashara mnaovuka Busia, Malaba na Lwakhakha kila wiki. Mwenye nyumba anajua kwamba tukishaondoka hatutarudi kudai. Nauli ya kurudi na siku ya kazi inayopotea huifanya pesa yenyewe ionekane ndogo.

Katika makala haya nitaeleza yaliyonipata Masese, Jinja, nilipohamia Mbale kikazi, na njia ambazo mpangaji wa kawaida anaweza kuzitumia kudai haki yake bila kuajiri wakili.

Mkimbizi na karatasi

Wazazi wangu walivuka mpaka wa Malaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Nilisoma Kenya kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na miaka yote hiyo tuliishi katika vyumba vya kupanga. Mama hakuwa na kabati, lakini alikuwa na mfuko wa plastiki chini ya godoro, ndani yake risiti zote za kodi. Siku moja mwenye nyumba alidai kodi ya mwezi uliokwisha kulipwa. Mama aliinua godoro, akatoa risiti, na yule bwana akaenda zake bila neno.

Mtu aliyelelewa ugenini hujifunza mapema kuwa neno lake halina uzito mbele ya mwenyeji, ila karatasi inao. Tabia hiyo nilirudi nayo Uganda, na ndiyo iliyonisaidia Masese.

Mji wa wapangaji

Jinja ni mji uliojengwa na watu waliotoka kwingine. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme na vibarua wakafuata viwanda. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi Walukuba, jirani kabisa na Masese. Viwanda vingi vilianguka baadaye, lakini watu walibaki na wengine wakazidi kuja. Tangu Julai 1, 2020 Jinja ni jiji, sawa na Mbale.

Masese yenyewe iko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hapo hushushwa sangara, na hapo huanikwa mukene, yaani dagaa, anayesafirishwa hadi Kenya, Kongo na Sudan Kusini. Ukipita sokoni utasikia Lusoga, Luganda, Kiteso, Dholuo na Kiswahili katika mazungumzo hayo hayo. Wengi wa watu hawa hulala kwenye "mizigo", kama tunavyoviita vile vyumba vya safu moja vyenye ua mmoja na choo cha pamoja.

Nilihamia huko Januari 2022, shule zilipofunguliwa tena kwa wanafunzi wote baada ya korona. Nilipata nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Nililipa kodi ya miezi mitatu pamoja na amana ya shilingi 250,000. Kabla ya kupokea ufunguo nilimwomba mwenye nyumba tuzunguke ndani pamoja. Niliandika kila kitu nilichokiona: bawaba moja imelegea, bomba la ua linavuja, ukuta wa chumba cha nyuma una alama ya maji inayofika magotini.

Alama hiyo ilikuwa na historia. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja na kuipita rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Maji yaliingia katika nyumba nyingi za ufukweni. Yaliporudi ziwani, unyevu ulibaki ukutani. Mwenye nyumba alicheka alipoona naandika.

"Mwalimu, unasahihisha nyumba yangu kama daftari la mtoto?"

"Mzee, ni kwa faida yetu sote wawili," nilimjibu. Alitia sahihi, nami nikatia yangu. Kila mmoja akabaki na nakala.

Hesabu ya kuondoka

Desemba 2024 nilipata kazi Mbale. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja kama mkataba ulivyotaka, na kodi yote ilikuwa imelipwa. Siku mbili kabla ya kuondoka nilipiga deki, nikasugua choo kwa jiki, nikafuta utando wa buibui kwenye dari. Jirani yangu alinisaidia kuosha madirisha. Nilipiga picha za kila chumba kwa simu.

Hata hivyo, kati ya shilingi 250,000 mwenye nyumba alinirudishia 70,000 tu. Karatasi yake ilisema hivi: kupaka rangi 90,000, usafi 70,000, kioo cha dirisha 20,000.

Kioo sikukipinga. Kilivunjika nikiwa mpangaji, na bei ilikuwa ya kawaida dukani. Nilimuuliza kuhusu hayo mengine mawili.

"Kuta zina unyevu na nje kuna madoa. Lazima nipake rangi," alisema.

"Unyevu tuliuandika Januari 2022, mzee. Na madoa ya nje ni ya sami."

Anayeishi Masese anawajua sami, wale vijidudu vya ziwani wanaokuja kama moshi jioni na kufuata taa. Asubuhi hufagiliwa kwa ufagio, na ukuta mweupe hubaki na madoa. Hakuna mpangaji anayewaalika.

"Basi nenda kushtaki," alinijibu, akafunga mlango.

Msomaji atauliza: shilingi 160,000 ni kitu gani cha kugombania? Kwangu zilikuwa kila kitu wiki hiyo. Mwenye nyumba wa Mbale alitaka amana yake kabla ya kunipa ufunguo, na mimi nilikuwa nimepanga kulipa amana moja kwa nyingine. Vitanda na meza vilikaa siku tisa barazani kwa mwalimu mwenzangu, vikifunikwa turubai kila mvua iliponyesha. Mwanangu alianza shule mpya sare yake ikiwa ndani ya gunia lisilojulikana ni lipi. Kwa mfanyabiashara ni zaidi ya hapo, maana amana yake ni mtaji uliolala. Ikikatwa, mzigo wa wiki inayofuata unapungua.

Uchafu na uchakavu

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna uharibifu na kuna uchakavu wa kawaida. Sheria zetu za upangaji katika Afrika Mashariki zina mizizi katika sheria za Uingereza, na kanuni mojawapo iliyorithiwa ni kwamba mpangaji hurudisha nyumba katika hali aliyoipokea, ukiondoa kuchakaa kunakotokana na matumizi ya kawaida na umri.

Rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu ni uchakavu. Ukuta uliochorwa na watoto kwa makaa ni uharibifu. Masizi kidogo juu ya mahali pa sigiri katika jiko lililojengwa kwa ajili ya sigiri ni uchakavu. Choo kilichozibwa kwa matambara ni uharibifu. Sakafu iliyokwaruzwa na miguu ya kitanda ni uchakavu, lakini iliyopasuliwa kwa kupasulia kuni ni uharibifu.

Usafi nao una mpaka wake. Mpangaji anadaiwa kurudisha nyumba ikiwa safi kama alivyoikuta. Hadaiwi kuirudisha ikiwa safi kuliko hapo, wala hadaiwi kumkarabatia mwenye nyumba ili apandishe kodi kwa mpangaji mpya.

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa kutoka Busia alinisimulia kisa chake tukiwa ndani ya matatu. Alikodi stoo karibu na forodha ya Masese kwa mwaka mmoja. Mkataba ulisema wazi kuwa stoo ni ya kuhifadhia mukene. Alipoondoka, amana yote ilikatwa. Sababu? Stoo inanuka mukene! Mama huyo alisema alicheka kwanza, kisha akalia, maana hela hiyo ilikuwa ya kulipia magunia Kenya. Mpangaji aliyemfuata kwenye stoo hiyo naye alikuwa muuza dagaa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, ambayo wapangaji wengi bado hawajaisoma. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi unapaswa kuwa kwa maandishi. Kodi hulipwa kwa shilingi za Uganda isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine, haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekwambia "hapa kwangu hatuandikiani" anakwenda kinyume cha sheria ikiwa kodi yako inafika kiwango hicho. Nyumba nyingi za Masese, ukihesabu kodi ya miezi michache tu, zinafika.

Kwa mwenyekiti wa LC1

Nilianza kwa barua. Niliandika kiasi ninachodai, sababu, na siku 14 za kunilipa. Nilimpa mwenye nyumba nakala mbele ya jirani, nikabaki na nyingine. Siku zilipita bila jibu, nami nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1.

Watu wengi hudhani LC1 ni ya kupata barua ya utambulisho tu. La hasha. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inaipa mahakama ya kijiji uwezo wa kusikiliza kesi za madeni na mikataba zisizozidi shilingi 2,000,000. Mawakili hawaruhusiwi kusimamia watu humo. Unazungumza mwenyewe, kwa lugha ya mahali hapo.

Tulikaa chini ya mwembe Jumamosi moja alasiri. Mwenye nyumba alikuja na binti yake. Mimi nilikuja na jirani aliyeniosha madirisha, simu yenye picha, na ile orodha ya Januari 2022.

Mwenyekiti aliipitia orodha polepole. "Mzee, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hii alama ya maji imeandikwa hapa."

Mzee alinyamaza. Mjumbe mmoja wa kamati, mama muuza samaki, akauliza kama nyumba imekwisha kupakwa rangi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mpangaji mpya alikuwa ameingia siku mbili baada yangu, na kuta hazijaguswa hata kwa brashi. Hakukuwa na risiti ya rangi wala ya fundi. Kuhusu sami hakuna aliyehitaji maelezo, kwa kuwa wote pale walikuwa na nyumba Masese.

Kwa upande wa usafi, mwenye nyumba alieleza kuwa alimlipa msichana shilingi 20,000 kuosha sakafu upya. Msichana aliitwa, akakubali kuwa alipokea 20,000. Mwenyekiti akauliza 50,000 zilizobaki ziliosha nini. Watu walicheka, na mzee mwenyewe akatabasamu.

Uamuzi ulikuwa hivi: rangi 90,000 zirudi zote, usafi 50,000 zirudi, kioo 20,000 kibaki, na zile 20,000 za msichana zibaki. Hizi za mwisho sikuridhika nazo, maana sakafu niliiacha safi na picha nilikuwa nazo. Nilikubali kwa sababu safari nyingine ya Mbale hadi Jinja ingekula kiasi hicho hicho. Nilipata 140,000 kwa awamu mbili, ya pili kwa simu. Mzee alinipa mkono na kuniambia, "Mwalimu, umenifunza." Sijui kama alikuwa anasifu au analaumu.

Milango mingine

LC1 haifai kila mahali. Pengine mwenyekiti ni ndugu wa mwenye nyumba, au yeye mwenyewe ndiye mwenye nyumba. Hapo kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Unahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Ulianza kwa majaribio katika mahakama sita, mojawapo ikiwa Mbale, kisha ukaenezwa kwingine. Hapa pia huhitaji wakili. Lakini kwanza lazima umwandikie mdaiwa barua ya kudai na kumpa siku 14. Hiyo ndiyo sababu barua yangu ilikuwa na siku hizo. Kama LC1 ingeshindwa, ningekuwa tayari nimepiga hatua ya kwanza.

Kwa nyinyi mnaopanga ng'ambo ya mpaka, Kenya ina Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na inatakiwa kuamua kesi katika siku 60. Wenye maduka, hoteli na vibanda vya chakula wana baraza lao la kodi za majengo ya biashara chini ya sheria inayojulikana kama Cap 301. Sheria hiyo huwalinda hata wale wasio na mkataba wa maandishi, ambao wafanyabiashara wadogo wengi ndio wenyewe.

Waliorudi kutoka Uingereza watakumbuka utaratibu tofauti. Huko Uingereza na Wales, tangu Aprili 2007 mwenye nyumba wa upangaji wa kawaida hana ruhusa ya kukaa na amana kiholela. Ni lazima aisajili katika mpango uliokubaliwa na serikali. Wakibishana, msuluhishi asiye na upande huamua kwa kutazama ushahidi wa maandishi na picha, bila malipo. Hata huko, jambo linaloongoza kwa ugomvi ni hili hili la usafi. Tangu Juni 2019 sheria ya Uingereza pia imekataza kumlazimisha mpangaji alipie kampuni ya usafi wakati wa kuhama. Huko mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kukata: amana ni mali ya mpangaji mpaka ithibitishwe vingine.

Kwetu hakuna mpango kama huo. Amana hukaa mfukoni mwa mwenye nyumba, na pengine amekwisha kuinunulia mabati. Ndiyo maana karatasi ya mpangaji ina kazi kubwa zaidi hapa kuliko London.

La kufanya

Kwanza, orodha ya kuingia. Zunguka nyumba na mwenye nyumba, andika kasoro zote, tieni sahihi wote wawili. Kama hajui kusoma, msomee mbele ya shahidi na atie dole gumba.

Pili, mkataba utaje amana kwa jina lake. Risiti iliyoandikwa "kodi ya miezi minne" itakunyima uwezo wa kudai kuwa mwezi mmoja ulikuwa amana. Mkataba useme pia nyumba ni ya matumizi gani. Kama ni stoo ya dagaa, iandikwe dagaa.

Tatu, ukilipa kwa simu usifute ujumbe. Ukilipa taslimu, dai risiti siku hiyo hiyo.

Nne, ukaguzi wa kutoka ufanyike angalau siku mbili kabla ya kuhama, wakati bado una nafasi ya kusugua kinacholalamikiwa. Mwenye nyumba akisema dirisha ni chafu, lioshe akiwa anatazama. Usikubali kukabidhi ufunguo kwa mtu aliyetumwa asiyeweza kusema lolote kuhusu amana.

Tano, kila makato yaombewe risiti. Rangi ina risiti, kioo kina risiti, na mfanyakazi wa usafi ana jina na mtu anaweza kuitwa.

Sita, usikae na ufunguo kwa hasira. Utakuja kudaiwa kodi ya mwezi mwingine, na hapo utakuwa umempa mwenye nyumba hoja ambayo hakuwa nayo.

Haki ina pande mbili

Wenye nyumba nao wana vilio vyao. Wapo wapangaji wanaoondoka usiku wakiwa na deni la umeme, na wapo wanaoacha choo katika hali isiyoelezeka gazetini. Wengi wa wenye nyumba hizi ni warudi kama sisi, waliojenga mizigo minne au mitano kwa akiba ya miaka ya ugenini, na kodi hiyo ndiyo pensheni yao. Orodha yenye sahihi mbili huwalinda hao pia. Mpangaji aliyeharibu hataweza kukana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Amana ni mali. Mpangaji aliyeilipa hakumpa mwenye nyumba zawadi, wala haiombi kama msaada anapoidai. Daftari la shilingi chache na nusu saa ya kuzunguka vyumba viwili vinatosha kumfanya anayetaka kukata afikiri mara mbili kabla ya kuandika neno "usafi".